Kabla Slebu Haijamwagwa: Yanayopita Chini ya Gereji

Ukijenga gereji kwenye ploti ya Muthangari, Nairobi, ramani utakayopewa itaonyesha kuta, mlango, paa na pengine alama chache za taa. Yanayopita chini ya sakafu hayachorwi. Mchoraji humwachia fundi, naye fundi huyaachia siku yenyewe. Niliposimamia gereji ya shangazi yangu, nyuma ya nyumba ya zamani karibu na Muthangari Drive, nilipanga kwa utaratibu huu: maji machafu kwanza, maji safi baadaye, stima mwisho. Waya unapinda upendavyo, na bomba la maji safi lina presha ya kulipandisha. Maji machafu hayabembelezwi, yanateremka tu. Basi yachague njia yao kwanza.

Anzia kwenye manholi iliyopo. Fungua kifuniko, pima kina chake hadi chini, ndipo uanze kuota ndoto za sinki. Paipu ya inchi nne huteremka kwa moja kwa arobaini, yaani kwa kila mita nane inashuka sentimita 20. Ongeza unene wa slebu na hadikoo, utaona kina kinavyoliwa upesi. Shangazi alitaka sinki la kufulia kwenye kona ya mbali kabisa.

"Shangazi, likikaa pale maji hayatafika manholi."

"Basi lilete upande wa jikoni, mwanangu, mradi kamba ya kuanikia isiwe mbali."

Mazungumzo kama hayo yafanyike kabla ya mtaro kuchimbwa. Nasema hivi kwa kuwa hapo ndipo pesa huokolewa, si kwenye bei ya paipu.

Kuhusu tundu la kutolea maji katikati ya gereji, mimi silitaki. Mtego wake wa maji hukauka wakati wa jua la Januari na Februari, na harufu ya maji taka inapanda hadi ndani ya gari. Afadhali sakafu nzima iinamie mlangoni, moja kwa themanini (kwa gereji ya mita sita ni sentimita 7.5), kisha mlangoni uweke mfereji wenye wavu wa chuma. Ila kama utaoshea gari humo na kumwaga oili, usiuelekeze mfereji huo kwenye mtaro wa mvua. Mitaro ya upande huu huishia kwenye vijito kama Kirichwa Kubwa, kile kinachopita Arboretum na kumwaga maji yake katika Mto Nairobi.

Udongo mwekundu wa huku ni rahisi kuchimba na haufanyi visa vya ule mweusi wa Embakasi unaovimba mvua ikinyesha. Tatizo lake ni pale uliporudishiwa bila kushindiliwa: unazama, na paipu inazama nao, mteremko unageuka bakuli. Laza paipu juu ya mchanga, ushindilie pande zote mbili, na uipime kwa pima maji kila kipande. Kisha ziba mwisho, ijaze maji, uiache usiku kucha. Maji yakishuka, tafuta kiungo kinachovuja kabla hujakifukia.

Maji safi hayana mengi. Kwa mgao wa maji wa Nairobi, kila nyumba huku ina tangi, kwa hiyo pitisha bomba la kutoka tangini. Nililoongeza ni paipu ya mvua: mfereji wa paa la nyuma hauwezi kufika tangi la mbele ila kwa kupita chini ya slebu. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 400. Bomba lolote linalokatiza ukuta wa msingi lipite ndani ya kipande cha paipu kubwa kuliko lenyewe, ukuta ukisogea lisivunjike.

Stima ndipo watu hubana mkono, na mimi ndipo ninapoufungua. Kondiuti tupu ni bei ya chai. Weka ya taa na soketi, ya geti ya umeme, ya kamera (mbali na ile ya stima), kisha moja nene isiyo na kazi leo. Hiyo ni ya gari la umeme. Tangu 2023 EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, imekuwa na bei maalumu ya stima ya kuchaji magari, na chaja ya nyumbani ya kilowati 7 huvuta ampea kama 30 kwa saa kadhaa mfululizo, mzigo ambao waya wa soketi ya kawaida hauuwezi. Pinda kondiuti kwa mkunjo mpana, acha kamba ya nailoni ndani, ziba ncha zote mbili. Kuunganisha mwachie fundi mwenye leseni ya EPRA.

Sasa dawa ya mchwa, ambayo hunyunyiziwa kabla ya karatasi ya polithini. Kila paipu inayotoboa slebu ni ngazi ya mchwa, kwa hiyo nyunyiza zaidi kuizunguka, kata polithini iibane, uifunge kwa tepu. Vigingi vya kushikilia paipu viwe vya chuma. Cha mbao kikibaki ndani ya simiti, umewapikia.

Juu ya polithini laza BRC, ule wavu wa chuma wa kuimarisha slebu, halafu piga picha. Tepu ya kupimia ionekane ikitoka kwenye kuta mbili hadi kila paipu. Picha bila vipimo ni ya kumbukumbu ya familia tu.

Siku ya kumwaga, bomba la maji safi liwe na presha, ili gurudumu la wilibaro likilivunja uone maji yakichuruzika papo hapo. Mweke mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia paipu na si kubeba chochote. Fundi wangu alicheka, "Boss, huyu analipwa kusimama?" Ndiyo, analipwa. Mwagia slebu maji kwa siku saba, na kabla hujamlipa fundi salio lake, jaza paipu maji tena na uivute ile kamba kwenye kila kondiuti, uone kama inateleza.