Kijiti cha Muhogo na Mjumbe Wake

Watoto, mvua za kwanza zikinyesha huku Likasi, mama zetu huchukua jembe na vijiti vya muhogo, wakaenda shambani. Muhogo hauna haraka. Hukaa ardhini mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo apandaye vibaya leo ataona hasara yake mwaka ujao, siku ya kukosa bukari.

Tazameni kijiti. Hakina mzizi hata mmoja. Lakini baada ya siku chache mizizi hutoka, na mingi hutoka mwisho wa chini. Nani amekiambia kijiti kuwa huku ndiko chini?

Mti hauna kinywa, lakini una mjumbe. Jina lake oksini. Hutengenezwa hasa katika ncha na majani machanga ya juu, akashuka polepole ndani ya mti. Afikapo penye mkato hapati njia tena, basi hukusanyika pale, na pale mizizi huanza.

Mwaka 1926, huko Uholanzi, kijana Frits Went alikata ncha za miche midogo ya nafaka, akaziweka juu ya ute mgumu. Baadaye aliziondoa ncha, akaweka kipande cha ule ute juu ya mche uliokatwa, upande mmoja tu. Upande ule ukakua kuliko mwingine, mche ukapinda. Ndipo ilipojulikana kwamba kitu kimetoka katika ncha na kuingia katika ute.

Sasa sikilizeni vema. Ukikipindua kijiti, mjumbe hageuzi njia. Huendelea kwenda mwisho ule uliokuwa chini zamani, ambao sasa uko juu, hewani, pakavu. Kijiti hupata taabu, na shamba pia.

Utajuaje upande wa juu? Tafuta kovu la jani lililoanguka. Jicho hukaa juu ya kovu, si chini yake. Basi panda macho yakitazama juu.

Kazi: Pandeni vijiti vitatu sawasawa, na vitatu kichwa chini. Baada ya majuma matatu vichimbueni, mlinganishe mizizi.

Maswali:
1. Oksini hutengenezwa wapi hasa?
2. Kwa nini hukusanyika penye mkato wa chini?
3. Went alijuaje kwamba kitu kimeingia katika ute?
4. Mdogo wako ameshika kijiti, hajui juu wala chini. Utamwonyesha nini?