Ofisi Ikihamia Kwenye Wingu, Msimamizi wa Mifumo Afanye Nini?

Kama wewe ndiye unayetunza seva za ofisi, yaani kompyuta zinazohifadhi kazi za wote, huenda umeshaambiwa kwamba kila kitu kinahamia kwenye wingu. Wingu hilo ni seva za kampuni nyingine, unazokodi kupitia intaneti na kulipa kadiri unavyotumia. Amazon ilianza kuzikodisha mwaka 2006, na tangu 2020 ina kituo Cape Town.

Je, kazi yako imekwisha? Hapana. Kinachoondoka ni kubadilisha diski zilizokufa na kuhangaika na jenereta umeme ukikatika. Data, nywila na ruhusa za nani aingie wapi bado ni jukumu la ofisi yako.

Anza na nakala za akiba. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walioweka nakala zao palepale walipoteza data moja kwa moja. Weka nakala moja mji mwingine, au kwenye diski iliyofungiwa kabatini. Kila mwezi jaribu kuirejesha, ufungue mafaili uone kama yanasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu.

Kisha funga milango. Akaunti kuu iwekee uthibitisho wa hatua mbili: nywila, pamoja na namba inayotoka kwenye simu yako. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake, na anayeacha kazi afungiwe akaunti siku hiyohiyo.

Na bili? Hapa wengi wanaumia, maana seva ya majaribio iliyosahaulika huendelea kulipiwa usiku na mchana, tena kwa dola. Weka tahadhari ya matumizi siku ya kwanza. Hata hivyo, tahadhari hiyo kwa kawaida hukuarifu tu, haizimi seva; kuzima ni kazi yako.

Kujifunza si lazima kuwe ghali. Mfumo endeshi wa Linux ni bure na hukubali kompyuta ya zamani. Google Cloud huwapa wateja wapya salio la dola 300 kwa siku 90, ila utaombwa kadi ya benki. Mtihani wa cheti cha ngazi ya mwanzo cha Amazon ni dola 100. Mimi ningeanza na Linux, cheti kingefuata.

Nawe mwajiri, usimwachishe kazi msimamizi wako kwa sababu ya kuhama. Mkabidhi kazi hiyo ya kuhamisha, na umlipie mtihani.