Mtoto Mliyemngoja Amefika: Je, Moyo wa Mama U Salama?



Katika parokia zetu, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, wapo waliongoja mtoto miaka mitano, kumi, hata zaidi. Wamesali novena, wamevumilia maneno ya jamaa, wengine wameuza ng'ombe ili walipie matibabu. Siku mtoto anapolia kwa mara ya kwanza, nyumba nzima huimba, na ni haki yao kuimba.

Lakini tumkumbuke Raheli. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia jinsi alivyolilia mtoto muda mrefu, akampata Yosefu, kisha akafa njiani kwenda Efratha alipomzaa Benyamini. Yakobo alibaki na mtoto mchanga na kaburi kando ya njia. Siku hizi vifo vingi vya namna hiyo vinaweza kuzuiwa, mume na mke wakijua mambo machache. Hayo ndiyo somo letu.

1. Moyo unaofanya kazi ya wawili

Mama akiwa mjamzito, damu yake huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, na moyo lazima uisukume yote. Udhaifu uliojificha tangu utotoni, kama vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, huweza kujitokeza wakati huo.

Tatizo linalotisha zaidi ni presha ya mimba. Baada ya wiki ya 20, kipimo hufika 140/90 au kupita, na mara nyingi protini huonekana katika mkojo. Ikiachwa huleta kifafa cha mimba, kiharusi, au madhara ya figo na ini.

Wengi hudhani kwamba kondo la nyuma likishatoka, hatari imekwisha. Sivyo. Presha huweza kumpanda hata mama ambaye hakuwa nayo alipokuwa mjamzito, na kwa kawaida hufika juu zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua. Siku hizo mama ameshatoka hospitalini, wageni wamejaa sebuleni, na kila jicho linamtazama mtoto.

2. Matibabu ya uzazi yanaongeza nini?

Mama aliyetibiwa ili apate mimba mara nyingi amepita miaka 35, na huenda alikuwa tayari na presha au kisukari. Matibabu huleta mapacha mara nyingi zaidi, na mapacha humwongezea moyo mzigo. Dawa za kupevusha mayai zikizidi nguvu mwilini huweza kufanya damu igande mishipani. Mimba zilizotungwa maabarani nazo hupatwa na presha mara nyingi zaidi, hasa yai likiwa la mwanamke mwingine.

Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa uzazi zaidi ya milioni 31. Katika mwaka mmoja baada ya kujifungua, kati ya kila akina mama 100,000 waliotibiwa utasa, 37 walilazwa kwa kiharusi. Kwa wasiotibiwa walikuwa 29. Hatari yenyewe ni ndogo, kwa hiyo mama asiingiwe na hofu. Hata hivyo, huyu ni mama wa kuangaliwa kwa karibu.

3. Msimfiche mkunga

Mama hutibiwa Nairobi, kisha huhudhuria kliniki ya wajawazito karibu na nyumbani, Othaya au Kerugoya, na hasemi neno. Anaogopa uvumi. Mkatoliki huogopa na jambo jingine: anajua kwamba hati ya Kanisa ya mwaka 1987, Donum Vitae, inakubali tiba inayosaidia tendo la ndoa lizae matunda, lakini inakataa kutunga mimba maabarani.

Jambo la dhamiri lipelekwe kwa padre. Mkunga aelezwe ukweli wa mwili. Hati hiyo hiyo inafundisha kwamba kila mtoto, vyovyote alivyotungwa, apokewe kama zawadi ya Mungu. Na mama yake ana haki ya kutunzwa. Daktari akijua mapema anaweza kumwandikia aspirini ya kiasi kidogo kila siku, ianzwe kabla ya wiki ya 16, ambayo hupunguza hatari ya presha ya mimba. Mama asijinunulie mwenyewe dukani. Akinyamaza, nafasi hiyo hupotea.

4. Dalili ambazo mume azijue

- Kichwa kuuma sana bila kutulia, au macho kuona ukungu na vimulimuli.
- Maumivu makali chini ya mbavu, upande wa kulia.
- Uso na mikono kuvimba ghafla.
- Kukosa pumzi akilala chali, kukohoa usiku, moyo kwenda mbio.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kifua kuuma.
- Mdomo kupinda, mkono kulegea, au degedege.

Dalili ya nne hudharauliwa sana. Watu husema ni uchovu wa kunyonyesha, au ni baridi ya mlima. Kumbe upo ugonjwa wa kulegea kwa misuli ya moyo, unaoanza kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na mwezi wa 5 baada ya kujifungua. Wengi wanaotibiwa mapema hupata nafuu.

Msingoje kupambazuke. Nendeni hospitali iliyo karibu, iwe ya Rufaa ya Kaunti au Consolata Mathari mjini Nyeri, Tumutumu, au Consolata Nkubu kule Meru. Mkifika, neno la kwanza liwe: "Mama huyu amejifungua juzijuzi."

5. Wajibu wa nyumbani

Mama apimwe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya 2 au 3, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Mwenye presha apimwe mara nyingi zaidi. Baba, weka nauli ya matatu kando mapema, na umsindikize. Mtakatifu Paulo anawaagiza waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe. Njahi na uji ni vyema, lakini chumvi ipunguzwe katika supu.

Nanyi wa jumuiya ndogo ndogo, mnapokwenda kumwona mtoto, mwulizeni mama pia, "Wewe unapumuaje? Umepimwa presha?" Mwenye Heri Irene Stefani, aliyeitwa Nyaatha na kutangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri mwaka 2015, alipita nyumba kwa nyumba kule Gikondi akiwatazama wagonjwa.

Aliyepata presha ya mimba ana hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi karibu mara mbili katika miaka ya mbele. Apimwe kila mwaka, na kabla ya mimba nyingine nyote wawili mwoneni daktari.

Maswali ya kujadiliana wawili

1. Je, mkunga wetu anajua jinsi mimba hii ilivyopatikana?
2. Presha ikipanda usiku, tutasafiri kwa gari la nani?
3. Tangu mtoto aje, ni lini mara ya mwisho mume alimwuliza mkewe hali yake?