Dada, mbona nyuso zimetoka giza?

Wadogo zangu, mmeniuliza sana hili: mtu kaenda kisiwani Ukerewe, kalipa mwenyeji wa kumtembeza, karudi na picha ambazo ziwa limekuwa jeupe pe! na nyuso za watu ni giza tupu. Unataka kubadilisha simu. Hebu subiri kwanza. Ulitoka saa ngapi?

Wengi hushuka kivukoni Nansio mchana, wakala sato wao, ndipo wakaanza kutembea. Saa saba jua la huku liko utosini. Kofia inafunika macho kwa kivuli, maji yanamweka. Lala Nansio, mdogo wangu. Patana na mwenyeji mtoke saa 12 asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri, mchana mpumzike, saa 10 jioni mrudi tena njiani. Na jioni usizubae, maana karibu na ikweta jua huzama wima. Ukianza kutafuta pozi, ule mwanga mzuri umeshakwenda.

Jambo la pili ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Ukienda siku hizo utakuta mialo mitupu. Muulize mwenyeji kabla hujakata tiketi. Hayo anayajua kuliko kalenda yako.

Sasa umefika, mama anageuza dagaa waliotandazwa mchangani. Hapo ndipo simu inapodanganyika. Dagaa wanang'aa kama bati jipya, mchanga nao mweupe, simu inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa mama unazama. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha sogeza juu ile alama ya jua kidogo kidogo mpaka umuone vizuri. Dagaa wakipauka kidogo, waache. Zunguka pia, jua limpige ubavuni; hapo hata magamba yanaonekana moja moja. Usimkuze kwa vidole kutoka mbali. Msogelee.

Lakini kumsogelea kuna adabu yake. Simu ibaki mfukoni, toa shikamoo, uliza bei ya dagaa, nunua hata kisado. Mwache mwenyeji wako akuombee ruhusa kwa Kikerewe au Kijita. Akikataa, amekataa, mtu yuko kazini. Akikubali, mwonyeshe picha na umtumie. (Nyie mnaoahidi kutuma halafu mnapotea mnatuharibia sisi tunaofuata.)

Na kilima cha Handebezyo je? Panda, ndiyo, kule juu ziwa na visiwa vinaonekana vizuri. Ila picha ya maji na anga peke yake haina pa kushika. Weka jiwe karibu, au mwenyeji mwenyewe amekaa pembeni, na unyooshe ule mstari wa ziwa, jamani! Maji hayamwagiki upande mmoja. Pale pana historia ya watemi, kwa hiyo uliza wapi pa kukanyaga na wapi pa kuacha.

Mkivuka kwenda kisiwa cha Ukara kuona jiwe linalocheza, vaa boya, simu itie kwenye mfuko wa plastiki mpaka mfike, na ufute lenzi kwa kitambaa kikavu. Jiwe lipigeni video. Kwenye picha halichezi.

Na wewe uliyeniuliza kama ununue kamera kwanza: hapana. Hiyo hela mlipe mwenyeji siku ya pili.