UKURASA WA AFYA: Ngazi Moja Yaweza Kumfunga Mtu Nyumbani

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuharisha, chanjo na lishe ya watoto. Mwezi huu tutazungumza juu ya ngazi. Usishangae. Ngazi ya mlangoni, mlango mwembamba wa choo na ngazi ya kupandia daladala vinaharibu afya ya watu wengi hapa Arusha, na dawa yake haiuzwi duka la dawa. Dawa hiyo iko kwa fundi mwashi, kwa kondakta, kwa mwenye nyumba na katika mkutano wa mtaa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja anakaa Maji ya Chai. Miguu yake imepinda tangu utotoni, na sasa anatembelea magongo mawili. Daktari amemwambia arudi hospitali mjini kila mwezi. Siku ya kliniki anaamka saa kumi na moja alfajiri. Ngazi mbili za nyumba aliyopanga anazishuka kwa kukaa chini na kujisukuma. Kituoni daladala ya kwanza inapita, ya pili inapita. Ya tatu inasimama, lakini konda anamwambia, "Mama, subiri ya nyuma, sisi tuna haraka." Saa nne bado yuko kituoni. Mwezi unaofuata haendi tena. Katika daftari la kliniki itaandikwa kwamba hakuhudhuria. Haitaandikwa kwa nini.

Je, mama huyu ameshindwa na miguu yake? Hapana. Miguu yake, pamoja na magongo, ilimfikisha kituoni. Ameshindwa na ngazi ambazo watu walizijenga, na gari ambalo watu wanaliendesha. Kwa hiyo watu wanaweza pia kuzirekebisha. Hilo ndilo somo letu la leo.

1. NI AKINA NANI HAWA?

Wengi wetu hudhani watu wenye ulemavu ni wachache. Utafiti wa taifa wa mwaka 2008 ulionyesha asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha asilimia 11.2. Ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watu 10. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka 2022 kwamba duniani kote ni watu bilioni 1.3.

Sisi wa Mlima Meru tuna sababu yetu ya pekee. Miamba ya volkano ya mlima huu hutia madini ya floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja, lakini chemchemi na mito kadhaa ya upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki huzidi kiwango hicho mara nyingi. Kila mtu anayajua meno ya rangi ya kahawia. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka, mifupa nayo huathirika: miguu hupinda, mgongo na viungo hukakamaa. Katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wa maji wamefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kazi hiyo huwakinga watoto wa leo. Haiwezi kunyoosha mifupa ya wazazi wao.

Wako pia waliopata polio. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alipatikana mwaka 1996, lakini waliougua kabla ya hapo ni watu wazima wenzetu. Wako walioumia uti wa mgongo katika ajali za pikipiki, zile tunazoziita toyo. Wako waliokatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Wako wasioona na wasiosikia. Mwishoni tuko sisi sote tutakaojaliwa kuzeeka. Anayejenga ngazi ndefu akiwa na miaka 35 ajue kwamba atazipanda pia akiwa na miaka 75.

2. NGAZI INALETAJE UGONJWA?

(a) Vidonda vya mgandamizo. Mtu aliyepooza miguu hasikii maumivu pale anapokaa. Akikaa au kulala upande mmoja muda mrefu, damu haipiti vizuri, nyama inakufa na kidonda kinaanza. Kitandani yampasa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Kwenye kiti ajiinue kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kama kiti hakipiti mlangoni, atashinda kitandani, na ndipo vidonda vinapomkuta. Kidonda cha namna hii huchukua miezi kupona, na kikiingiwa na wadudu chaweza kuua.

(b) Maambukizo ya njia ya mkojo. Asiyeweza kuingia chooni bila kubebwa huona aibu kuomba msaada kila mara. Afanyeje? Anaacha kunywa maji. Mkojo unakuwa mzito, wadudu wanazaliana, na mwishowe figo zinaharibika. Hasa akina mama na wasichana wanateseka hivi kimyakimya, na zaidi siku wanaposafiri.

(c) Kuanguka. Kizingiti kirefu, ubao uliolazwa juu ya mtaro, na matope ya masika ni hatari kwa mwenye magongo, kwa mzee na kwa mjamzito.

(d) Kukosa matibabu. Dawa za kifafa, kisukari na shinikizo la damu hazifai kuachwa kwa sababu gari halikusimama.

(e) Upweke. Mtu asiyetoka nje hukosa jua, mazoezi, kazi na marafiki. Moyo nao huugua.

3. NYUMBA NA USAFIRI NI JAMBO MOJA

Huko Denver, Marekani, mwaka 1975 mchungaji mmoja aitwaye Wade Blank aliwasaidia vijana wenye ulemavu kutoka katika nyumba ya kutunzia wazee, walikokuwa wamewekwa kwa kukosa mahali pengine. Wakapata makazi yao wenyewe mjini. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini baadaye wakaona kwamba mabasi ya mji yana ngazi, nao wako kwenye viti vya magurudumu. Walikuwa na nyumba, lakini hawakuweza kwenda kazini, sokoni wala hospitali. Tarehe 5 Julai 1978 watu 19 kati yao wakaziba njia ya mabasi mawili katikati ya mji, wakabaki hapo usiku kucha. Mwaka 1990 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kutaka mabasi mapya ya umma yaweze kumpandisha mtu mwenye kiti cha magurudumu.

Hatuwaambii wasomaji walale barabarani. Tunataka tuone jambo moja: nyumba nzuri isiyo na usafiri ni kifungo, na usafiri mzuri haumsaidii asiyeweza kutoka mlangoni.

Hata hapa nchini mfano upo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, vituo vyake vilijengwa kwa usawa wa sakafu ya basi. Mtu anapanda kituoni kwa njia ya mserereko, kisha anaingia ndani bila kukanyaga ngazi. Msongamano wa abiria ni tatizo lingine, lakini mjenzi alionyesha kwamba jambo hilo linawezekana Tanzania.

4. SHERIA INASEMAJE?

Tusiombe jambo hili kama sadaka. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 cha mkataba huo chahusu kufikika kwa majengo, barabara na usafiri. Kifungu cha 19 chahusu haki ya kuishi katika jamii na kuchagua mahali pa kukaa. Mwaka 2010 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9. Sheria hiyo inataka majengo na huduma za umma viweze kufikiwa na watu hao, nayo yatambua kamati za watu wenye ulemavu hadi katika kijiji na mtaa.

Uliza mtaani kwako: kamati hiyo ipo? Imekutana lini?

5. VIPIMO VYA KUMPA FUNDI

Kata sehemu hii uihifadhi.

- Mserereko: kwa kila sentimeta 1 ya kupanda, urefu uwe sentimeta 12. Ngazi yenye kimo cha sentimeta 15 yataka mserereko wa mita 1.8. Sentimeta 30 yataka mita 3.6. Ukiufanya mfupi zaidi, kiti kitarudi nyuma na kumwangusha mtu.
- Upana wa mserereko: sentimeta 120. Juu, mbele ya mlango, acha sehemu ya tambarare ya mita 1.5 kwa mita 1.5.
- Uso wake uwe wa kukwaruza, usisuguliwe ukateleza wakati wa mvua. Weka kingo pembeni ili gurudumu lisitoke.
- Mlango: uwazi usipungue sentimeta 80, sentimeta 90 ni bora. Kizingiti kisizidi sentimeta 2.
- Choo: mlango ufunguke kwa nje, na ndani kuwe na nafasi ya kiti kugeuka, mita 1.5. Weka bomba imara ukutani la kushikilia. Kwa choo cha shimo, seremala aweza kutengeneza kiti kilichotobolewa katikati, kimo cha sentimeta 45 hadi 50.
- Swichi ya taa na komeo: yapata mita 1 kutoka sakafuni.

Mwenye nyumba asiogope gharama. Mserereko wa ngazi moja ukijazwa mawe na kifusi chini, mfuko mmoja au miwili ya saruji hutosha. Kwa nyumba mpya ni rahisi zaidi, maana mlango mpana huchorwa tu kwenye ramani kabla ya kuomba kibali cha ujenzi. Anayekumbuka baadaye ndiye anayevunja ukuta.

Na majengo yetu wenyewe? Kanisa la kigango, zahanati ya parokia, ukumbi wa mikutano: je, mwenye kiti cha magurudumu huingia mwenyewe, au hubebwa mbele ya watu wote kama mzigo? Tuanzie hapo.

6. KWA DEREVA, KONDAKTA NA ABIRIA

- Simamisha gari karibu na ukingo, mahali pa tambarare, na usiondoe mpaka mtu ameketi.
- Muulize kwanza: "Nikusaidie vipi?" Usimnyakue mtu wala magongo yake. Yeye anaujua mwili wake.
- Kiti cha magurudumu na magongo ni miguu yake. Si mizigo, wala si sababu ya kudai nauli mara mbili.
- Asiyeona akushike wewe kiwiko, usimvute. Mtajie kituo kikifika. Asiyesikia mtazame usoni, au umwandikie.
- Abiria, kiti cha mbele mwachie anayekihitaji. Konda akimwacha mtu, semeni kwa sauti ndani ya gari. Kondakta huwasikia abiria kumi kuliko mmoja.

7. JINSI YA KUDAI BILA KUCHOKA

Kwanza, wenye ulemavu wenyewe wawe mbele. Viko vyama vyao: CHAWATA, Chama cha Wasioona, CHAVITA cha viziwi, na vingine vilivyoungana katika SHIVYAWATA tangu mwaka 1992. Mtu mmoja akilalamika huitwa msumbufu. Chama kikiandika barua hujibiwa.

Pili, pimeni kabla ya kusema. Tembeeni na mwenye kiti kutoka nyumbani kwake hadi zahanati, sokoni na kituoni. Andikeni kila kizuizi: mtaro usio na daraja, ngazi, mlango. Barua yenye orodha na vipimo ni vigumu kuiweka kando.

Tatu, mpelekeeni anayehusika. Jengo na kibali ni halmashauri. Barabara za mitaa ni TARURA, barabara kuu ni TANROADS. Daladala na mabasi ni LATRA, iliyoanzishwa mwaka 2019, na lipo pia baraza la ushauri la watumiaji wa usafiri. Bakini na nakala, na rudini baada ya mwezi mmoja.

Nne, tumieni kilichopo. Sheria inatenga asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Kikundi chaweza kununua bajaji, kikapata kazi na usafiri kwa pamoja.

Ndugu msomaji, yule mama wa Maji ya Chai hahitaji muujiza ili afike kliniki. Anahitaji mserereko mmoja wa mita chache na daladala itakayosubiri dakika mbili.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika jumuiya yetu ni nani hatujamwona kwa muda mrefu? Ni ngazi gani iliyomzuia?
2. Tukipima leo mlango wa nyumba tunamosali, una sentimeta ngapi?
3. Ni kizuizi gani kimoja tunachoweza kukiondoa kabla ya mvua zijazo, na nani atamwita fundi?