Keki ya Kigiriki ya Mwaka Mpya, kwa Jiko la Makaa



Hapa Tororo wengi husema kwamba keki ni kitu cha kununua dukani, ama ni kazi ya mtu mwenye jiko la umeme. Sivyo. Leo nataka kuwafundisha keki moja yenye historia ndefu, iitwayo vasilopita. Nimeioka mwenyewe mara kadhaa kwa sufuria mbili na sigiri, yaani jiko la makaa. Lakini kuoka ni nusu tu ya somo. Nusu ya pili ni kukata na kugawa, na hiyo ndiyo ngumu zaidi.

ASILI YAKE

Maana ya vasilopita ni mkate wa Basili. Wagiriki huila tarehe 1 Januari, siku ya Mtakatifu Basili Mkuu, aliyekuwa askofu wa mji wa Kaisaria katika nchi ya Kapadokia. Siku hizi mji huo huitwa Kayseri, nao uko Uturuki. Basili alifariki mwaka 379.

Husimuliwa kwamba mtawala mmoja aliwatoza watu wa mji ule mali nyingi, nao wakakusanya dhahabu na mapambo yao. Hatari ilipopita, haikujulikana tena kipi ni cha nani. Basili akaamuru iokwe mikate na vitu vile vitiwe ndani. Na kila mtu alipokata mkate wake, akakuta kilicho chake. Hayo ni masimulizi. Yaliyomo katika historia ni kwamba karibu na mwaka 369 njaa kubwa iliingia Kapadokia, na Basili akawahimiza matajiri wafungue maghala yao. Baadaye akajenga nje ya mji mahali pa kuwatunza wagonjwa, maskini na wasafiri.

Desturi hii haiko mbali nasi kama mnavyodhani. Katika Tanganyika walikuwako Wagiriki wengi waliolima mkonge na kahawa. Na hapa Uganda, Reuben Spartas Mukasa pamoja na wenzake walianzisha kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika mwaka 1929, na mwaka 1946 likapokelewa chini ya Patriarki wa Aleksandria. Kanisa lao kuu liko Namungoona, Kampala. Mimi niliijua keki hii kwa Mworthodoksi mmoja tuliyefanya kazi pamoja. Ndiye aliyenieleza kwa nini ina mayai na siagi nyingi: kabla ya Krismasi wao hufunga siku 40 bila nyama, mayai wala maziwa. Mwaka mpya unapoingia, mfungo umekwisha.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Unga wa ngano gramu 400, sukari gramu 300, siagi robo kilo, mayai 4, beking poda vijiko 3 vya chai, vilivyosawazishwa juu kwa kisu, machungwa 2 makubwa, maziwa kidogo, chumvi kidogo sana. Machungwa ya Teso yanafaa kabisa, hata kama ganda lake ni la kijani, maana kwetu chungwa huweza kuiva bila kugeuka rangi. Tafuta pia sufuria ndogo yenye upana wa sentimeta 24, na kubwa ya kuimeza hiyo ndogo, ibaki nafasi ya vidole viwili pande zote.

NAMNA YA KUOKA

Kwanza, tia mchanga mkavu katika sufuria kubwa, kiasi cha vidole viwili. Panga juu yake vijiwe vitatu vilivyo sawa, funika, uteleke motoni ipate moto.

Pili, paruza ganda la machungwa, ile rangi ya nje tu. Sehemu nyeupe ni chungu, iache. Kamua maji ya machungwa, uongeze maziwa hata upate mililita 200. Yakigandamana kidogo si neno.

Tatu, piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na laini. Ongeza mayai, moja baada ya moja, huku ukipiga. Tia maparuzo ya chungwa.

Nne, chekecha unga pamoja na beking poda na chumvi. Tia unga na maji ya machungwa kidogo kidogo, kwa zamu, ukikoroga taratibu. Unga ukiisha kuchanganyika, acha. Ukizidi kukoroga, keki huwa ngumu kama mpira.

Tano, paka sufuria ndogo siagi na unga, mimina, uiweke juu ya vijiwe. Funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa wa bati, kisha panga makaa juu yake. Gawa moto wako hivi: theluthi moja chini, theluthi mbili juu. Usifunue kabla ya dakika 40. Baada ya muda wa saa moja hivi, choma katikati kwa kijiti kikavu; kikitoka safi, keki imeiva. Iache ipoe kabla ya kuitoa.

Angalieni sana jambo hili: fanyeni kazi hii nje, au jikoni penye hewa ya kutosha. Moshi wa makaa una sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu waliojifungia ndani.

SABABU ZAKE

Kwa nini makaa mengi yawe juu? Chini, chuma hupata moto moja kwa moja kutoka jikoni, kwa hiyo keki huungua upesi. Mchanga na vijiwe huupunguza moto huo na kuutawanya. Juu hakuna kinachogusa keki isipokuwa hewa, nayo hupitisha joto polepole. Ndiyo sababu mfuniko unahitaji makaa zaidi.

Na kwa nini vijiko vya beking poda visawazishwe? Ndani ya poda hiyo mna asidi na magadi. Vikipata maji na joto hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo huinua unga. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na maji huchemka hapa karibu na nyuzi 96, si 100 kama Mombasa. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, hivyo gesi hutanuka zaidi. Poda ikizidi, keki huinuka kwa haraka kabla mayai na unga havijakaza, kisha hubonyea katikati.

KUKATA NA KUGAWA

Ndani ya keki hii hutiwa sarafu moja. Twaa ya shilingi 500 ya Uganda, au ya shilingi 20 ya Kenya ukiwa ng'ambo ya Malaba. Ioshe kwa sabuni, ichemshe, uifunge katika karatasi ya foili. Keki ikipoa, ichomeke kwa upande wa chini. Mwenye kuitia asiwe mkataji, na keki izungushwe mezani kabla ya kukatwa. Waambieni wote watafune polepole, na watoto wadogo wavunjiwe kipande chao na mtu mzima.

Kipande cha kwanza ni cha Kristo, cha pili cha Bikira Maria, cha tatu cha nyumba, cha nne cha maskini. Kisha hufuata baba, mama, na watoto kwa umri wao. Mpangilio hutofautiana kidogo nyumba kwa nyumba. Tuseme ninyi ni watu 8: jumla ni vipande 12. Duara ina nyuzi 360, basi kila kipande ni nyuzi 30. Kata msalaba upate robo nne, kisha gawa kila robo mara tatu. Fanyeni kwa uangalifu, maana kipande kipana kina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na sarafu, na mwenye kukata vibaya amewapunja wenziwe. Anayeikuta sarafu husemwa kwamba atakuwa na bahati mwaka mzima.

Mwaka mmoja nyumbani kwangu sarafu ilikutwa katika kipande cha maskini. Watoto walinyamaza, wakatazamana. Mmoja akasema, "Baba, maskini mwenyewe hayupo. Tukate upya." Mama yao akamjibu, "Kama angekuwapo, ungesema hivyo?" Jioni ile alikuwako barabarani utingo wa lori lililoharibika likitoka Malaba, kijana aliyeulala mwaka mpya chini ya gari, mbali na kwao. Mtoto yule yule ndiye niliyemtuma ampelekee kipande na sarafu. Kwa kuwa shilingi 500 hazimfikishi mtu popote, kila mmoja wetu aliongeza alichoweza, na mama yao akatia sahani ya chakula. Mtoto aliporudi hakusema neno juu ya bahati. Aliuliza tu kama mwaka ujao tutaoka tena.

Basi, ndugu zangu, si lazima uwe Mgiriki wala Mworthodoksi ili ulielewe somo hili. Mzee Basili aliwaambia wenye maghala kwamba mwenye njaa ana sehemu yake humo, hata kama hakualikwa. Kugawa kwa haki kati ya waliokaa mezani ni hesabu tu, nayo mtoto wa darasa la sita aiweza. Kumwekea sehemu asiyekuwapo, na kuilinda mpaka imfikie, hapo ndipo mtu hujulikana.

MASWALI

1. Nyumba yenu ina watu 6. Mkitoa vile vipande vinne vya mwanzo, kila kipande kitakuwa nyuzi ngapi?
2. Eleza kwa nini keki iliyookwa kwa makaa ya chini peke yake huungua kabla ya kuiva juu.
3. Taja desturi moja ya kwenu ambayo humwekea mgeni au maskini sehemu yake kabla hajafika. Je, ingali inafuatwa?