Kutoka Lundo hadi Uzamili wa Kilatini na Kigiriki: Vidokezo Sita

Kijana wa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, mwenye ndoto ya kusoma Kilatini na Kigiriki cha kale hadi uzamili ataambiwa mara nyingi kwamba anapoteza muda. Mimi naamini ana kazi kubwa ya kutufanyia, ila ajipange mapema.

1. Lugha kwanza, fomu baadaye. Vyuo vitataka kujua umesoma Kilatini miaka mingapi, Kigiriki miaka mingapi, na ni waandishi gani umewasoma kwa lugha zao wenyewe. Shahada nzuri ya historia au falsafa haizibi pengo hilo. Vyuo kadhaa vya Marekani vina kozi za kuimarisha lugha kabla ya kuomba uzamili, lakini nyingi unajilipia ada.

2. Kiswahili chako ni mtaji. Chukua neno la Kilatini "laudabimur", yaani tutasifiwa. "Lauda" ni kusifu, "bi" ni wakati ujao, "mur" ni sisi tena tunaotendwa. Kazi ile ile "tu-ta-sif-iw-a" inaifanya, mpangilio tu umebadilika. Kigiriki nacho hutenganisha "nilifungua" (elysa) na "nimefungua" (lelyka). Wewe tofauti hiyo umeinyonya kwa mama.

3. Mtafute padre mzee. Wabenedikti wako Peramiho tangu 1898, na waliopita seminari kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano walikila Kilatini kama ugali. Wamebaki wachache. Nenda na shikamoo yako, daftari, na sentensi kumi ulizotafsiri mwenyewe. Akikusahihishia kila wiki kwa mwaka mmoja, utakuwa umefika mbali.

4. Tazama ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1981 Rais Kamuzu Banda alifungua Kamuzu Academy huko Kasungu, akataka wanafunzi wasome Kilatini na Kigiriki. Miaka hiyo hiyo Chuo Kikuu cha Malawi kilianzisha idara ya fani hizi, na mwasisi wake, Caroline Alexander, alikuja kuchapisha tafsiri ya Iliad kwa Kiingereza mwaka 2015. Ulizia huko, ulizia vyuo vikuu vya Legon nchini Ghana na Ibadan nchini Nigeria, kabla hujaikodolea macho Oxford.

5. Uwe na swali lako mwenyewe. Hapa ndipo ninapotaka usimame. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za baharini, Periplus. Humo anaeleza pwani yetu, akiiita Azania. Anautaja mji wa Rhapta, uliopewa jina kutokana na mashua za kushonwa, na pembe za ndovu zilizouzwa pale. Katika kisiwa anachokiita Menouthias anaona watu wenye mitumbwi ya gogo moja, wakitega samaki kwa vikapu kwenye midomo ya mikondo ya maji. Wewe uliyekua ukiona mitumbwi ikivutwa mchangani na usipa wakianikwa juani, unakisoma kifungu hicho kwa macho ambayo profesa wa Berlin hana. Andika ombi lako kutoka hapo.

6. Pesa na karatasi. Uzamivu wa Marekani mara nyingi huja na ada na posho. Uzamili mara nyingi hauji nazo. Fuatilia DAAD ya Ujerumani, ufadhili wa Jumuiya ya Madola, na Rhodes. Jifunze kusoma Kijerumani na Kifaransa, kwa sababu vyuo vingi huvidai kabla ya tasnifu. Ukirudi na cheti cha nje, kipeleke Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kitambuliwe.

Maandishi ya Kigiriki na Kilatini yako bure kwenye maktaba ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts. Siku mtandao ukikubali, tafuta Periplus pia, ufungue kifungu cha 15 na cha 16. Ni vifungu vifupi tu, na hao wanaoelezwa humo ni watu wa pwani yetu. Anza navyo wiki hii.